Hati ya Mizigo

Bandarini Bukavu, karani wa mizigo
alilamba kalamu yake, akauliza: nini hizi?
Ngoma, nikasema. Tano. Na lulanga moja,
na sanduku la mavazi ya ufalme.
Akapitisha kidole karatasini, juu, chini:
saruji imo, maharage yamo, mbuzi wamo na bei yao,
ngoma hazimo.
Akaandika: vyungu vitano.
Tukalipia vyungu.

Usiku kucha ziwa lilitubeba pamoja na kreti za bia.
Cibalonza alilala ameikumbatia lulanga yake
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.
Wabulasa, mfalme wetu wa jukwaani, alitapika hadi Idjwi,
na Idjwi ikapita kando, nyeusi, haina habari naye.
Ngalula, Mkasai wa kuzaliwa Lubumbashi,
akalelewa Uvira, akaolewa Bukavu,
alikaa juu ya kreti akikariri Kihunde asichokijua,
silabi kwa silabi,
kama anayehesabu chenji gizani.

Mimi ni mnong'onezaji. Kazi yangu daftari na tochi.
Anayesahau, nampa mstari wake toka nyuma ya pazia.
Makofi wanayopigiwa wao,
kuna kasehemu kangu humo, nakala kimyakimya.

Goma ilitupokea kwa mawe ya volkano,
meusi, yenye meno, yanayotafuna soli.
Chukudu mbili zilipandisha vyungu vyetu hadi Birere.
Mwenye moja, Bauma, aligonga ngozi kwa kidole:
hiki chungu kimeivisha nini?
Jukwaa, mbao juu ya mapipa, uwanjani kwa seremala.
Taa, moja, ya kuazima kanisani.

Tulianza na Wabembe, tukavuka kwa Warega.
Walipofika Wanande, Katungu alipiga kigelegele
hadi jenereta ikakohoa.
Kila kabila lilipopita, upande mmoja wa umati uliinuka,
hawa wetu! hawa wetu!
kisha ukakaa, ukawapisha wengine.

Ikaja arusi ya Wahunde.
Ngalula akatoka, shanga, kitambaa, uso mzito,
akaanza sifa za bibi-arusi.
Mstari wa tatu, sauti toka nyuma kabisa:
"Hapana vile, mama! Hapana vile!"
Bauma, amesimama juu ya chukudu yake.
"Hilo neno linapanda. Weye umelishusha.
Hapo umemwita bibi-arusi mbuzi."

Kicheko kilituangukia kama mabati.
Nikafungua daftari.
Neno lilikuwepo, mwandiko wangu mwenyewe,
herufi zote sawa,
na herufi hazipandi wala hazishuki.
Miaka tisa, na leo ndiyo ya kwanza
sina la kunong'ona.

Ngalula akaja ukingoni mwa mbao, akachuchumaa.
"Sema tena."
Akasema.
Akajaribu.
"Bado," wakasema wauza makala wa mstari wa mbele,
"bado kuna mbuzi kidogo."
Akajaribu.
Mara ya nne neno likapanda,
na umati ukanyamaza unyamavu
ambao ngoma zote tano hazijawahi kutuletea.
Cibalonza akagusa uzi mmoja,
arusi ikaendelea ilipokuwa imeachwa.

Nami kwa penseli, juu ya silabi ile,
nikachora mshale mdogo.

Siku ya kurudi, bandarini Goma,
karani mwingine, karatasi ileile.
"Vyungu vitano," akasoma. "Kuna kilichoongezeka?"
Nikamwambia: neno moja.
Akanitazama kwa muda.
"La kilo ngapi?"
Nyuma yangu Wabulasa ameshaanza kutapika,
na meli ingali imefungwa kamba.