Dira Pembeni mwa Kioo

Mimi sikuandika hata mstari mmoja wa msimbo.
Kazi yangu ilikuwa simu: meza ya tatu kutoka chooni,
Sunnyvale, katika jengo lililokuwa ghala la mazulia
na bado lilinuka sufu mvua ikinyesha.
"Tamarak, habari za asubuhi, Perpetua anaongea."

Dira aliichora Wendell Kratochvil,
kijana wa Iowa, aliyelala chini ya meza, viatu vikiwa mto.
Baba yake alipima mashamba ya mahindi;
dira yake ya shaba Wendell akaitia
pembeni mwa kioo, ndogo kama ukucha.
Ukurasa ukiwa njiani, inazunguka.
Ukifika, inatulia.

Modemu ililia kama paka aliyebanwa mlangoni,
kisha kimya, kisha dira, kisha polepole,
toka juu kwenda chini, pazia likishushwa,
simbamarara.
Mwanamume wa Fresno alinipigia akilia.
"Nimemwona," alisema. "Masharubu yote."
Nikajaza fomu: Hakuna tatizo.

Agosti tukaenda sokoni.
Sisemi soko la nyanya.
Hisa iliamka na dola kumi na moja,
adhuhuri ikagonga arobaini na sita,
na Hsiu-mei Lo, aliyenikopa nauli ya treni Jumatatu,
akawa milionea akiwa na kikombe cha supu mkononi.
Hakukiweka chini. Alizunguka nacho korido nzima,
supu ikipoa, akimuuliza kila mtu:
saa ngapi sasa?

Bwana Brandvold akapanda juu ya kiti.
Akasema kompyuta yenyewe itakuwa bomba tu ukutani,
na nani hulisifu bomba? Watu husifu maji.
Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka.
Kule kaskazini, kwenye misonobari na manyunyu,
mwenye bomba alisikia.

Hakuja na rungu. Alikuja na zawadi.
Kila kompyuta mpya ilitoka kwenye boksi lake
na kivinjari chake ndani, bure,
kama chumvi juu ya meza ya mkahawa.
Nani atatoka mvuani kwenda kununua chumvi?
Sisi tuliuza dola thelathini na nne.
Tukashusha. Tukashusha tena. Tukagawa.
Na bure ikipigana na bure,
hubaki kuulizana nani ana ghala.

Lakini nisimsingizie yeye peke yake.
Kilichotula kilikuwa nguoni.
Toleo la nne tulilibebesha barua, kalenda,
bei za hisa zikitambaa chini kama siafu,
hata likawa haliwezi kuinuka.
Simu zikabadilika sauti.
Bi Haverkamp wa Nebraska, kila Jumanne:
"Binti, dira imesimama."
"Zima, uwashe tena, mama."

Hsiu-mei aliuza piano, halafu nyumba iliyokuwa na piano.
Brandvold alitutumia barua yenye neno "familia" mara sita.
Siku hiyohiyo walinzi wakaleta maboksi, yamekunjwa bado,
tuyakunjue wenyewe.

Wakaamua msimbo ufunguliwe, dunia nzima isome.
Wendell akapewa wiki tatu autakase:
afute matusi ya saa tisa usiku,
majina ya wachumba, laana kwa mabosi.
Alifuta yote, ila mstari mmoja
kando ya zile hesabu za kuzungusha sindano:
Baba, inageuka.
Mzee alikuwa amekwisha kufa tangu kabla ya soko.

Siku yangu ya mwisho iliangukia Jumanne.
Nilishakata waya wa taa, simu bado.
Ikalia.
"Binti, dira imesimama."
Nilitaka kusema zima, uwashe tena.
"Hata huku, mama," nikasema.
Akanyamaza. Nikasikia redio yake, bei ya mahindi.
"Basi nitangoja," akasema,
na hakukata simu,
nami sikukata,
mpaka mlinzi akaja kuuliza boksi ni la nani.