Sentensi ya Tano

Mwalimu Sizya ameandika ubaoni vitenzi viwili,
borrow upande wa dirisha, lend upande wa mlango,
akapiga mstari katikati. Chaki ikalia.
"Kila mtu sentensi tano. Za kwake. Asinakili mtu kitabu."
Saa moja jioni, Isevya, darasa la watoto wa la pili,
magoti yetu yamekwama chini ya madawati.
Kando yangu Mhoja wa bodaboda, helmeti mapajani,
analamba ncha ya kalamu kama anaonja asali.

Nikaandika ya kwanza:
Please borrow me your iron.
Nikajiona nimefika Ulaya.
Mwalimu akainama, akaipitishia wino mwekundu.
"Nyamizi, pasi ni ya nani?"
Ya Kalunde.
"Inatoka wapi, inakwenda wapi?"
Inatoka kwake, inakuja kwangu.
"Basi yeye lend, wewe borrow. Pasi moja, milango miwili."

Miaka kumi na tisa nimeshona watu nguo,
sijaulizwa hata siku moja kitenzi kinaelekea wapi.
Azima yetu ni kitambaa kisicho na ndani wala nje:
niazime, nimeazima, kaniazima, tumeazimana,
ukikivaa kinyume hakuna atakayekucheka.
Ile pasi ya mkaa, yenye jogoo kwenye kifuniko,
imevuka ua wangu na wa Kalunde mara nyingi
hata jogoo mwenyewe hajui anawikia nyumba ipi.
Mimi nasema ni yake.
Yeye anasema ni yangu.
Marehemu mumewe ndiye aliyejua, naye hakuacha neno.

Nilitaka kusimama niseme: Mwalimu, Kiingereza kina choyo,
kinadai risiti hata ya makaa.
Nikafungua kinywa.
Nikakifunga.

Maana nilikumbuka cherehani yangu ya pili, ya kukanyaga.
Shemeji Kapaya aliipandisha lori la tumbaku, kwenda Urambo.
"Naazima tu, shemeji, mpaka masoko yafunguliwe."
Masoko yamefunguliwa mara tatu.
Yamefungwa mara tatu.
Juzi msibani nikamuuliza, kwa upole, ameshakula ameshiba,
akachokonoa jino, akasema: "Kwani si tuliazimana?"
Tuliazimana!
Mimi niliazima nini kwake, kijiti cha meno?
Na wote mkekani wakatikisa vichwa, yameisha,
neno limemfunika gubigubi kama shuka la wageni.

Nikapindua ukurasa.
I lent Kapaya my machine.
Lend, lent: wakati uliopita wake hauongezwi kitu,
unakatwa tu mwishoni, kama uzi kwa meno.
He borrowed it in March.
Nikakandamiza kalamu mpaka ukurasa wa pili ukasoma.
It is mine.
Hii haina hata kimoja cha vitenzi vya ubaoni.
Mwalimu akaitazama, akanitazama,
akaiwekea vema, hakuuliza kitu.

Ijumaa napanda basi la Urambo na daftari hili.
Kapaya Kiingereza hajui. Si neno.
Nitamsomea, kisha nitamwonyesha kwa kidole:
huku ilitoka,
huku ilikwenda,
huku inarudi.

Ya tano ilinishinda. Nilitaka iwe ya pasi,
nikaanza na I, nikafuta. Nikaanza na she, nikafuta,
karatasi ikatoboka.
Mhoja alishamaliza zake zote, kila moja ina pikipiki.

Nimefika nyumbani, sijavua hata viatu,
sauti ya Kalunde juu ya ua wa mabati:
"Nyamizi, niazime pasi, kesho mjukuu ana mahafali."
Nimempitishia na makaa yake, bado mekundu.
"Asante, nitakurudishia yako," anasema.
"Yako," nasema.
"Haya, yako," anasema,
na jogoo kaondoka anatazama kwangu.