Kyazanga Wanalijua Gari

Nilipopunguza mwendo kwenye matuta ya kwanza
mtoto mwenye beseni la gonja alikimbia sambamba nami,
akaupiga mlango kwa kiganja: "Mwakio! Mwakio!"
Akainua macho, akakuta uso mwingine dirishani,
akaniuzia hata hivyo, mbili kwa bei ya tatu.

Nilikuwa natoka Kabale. Chumvi nimeishusha,
bodi tupu inalia kwenye kila shimo
kama sufuria ya harusi iliyokwisha pilau.
Gari nimelirithi Februari, pamoja na pazia lake,
rozari ya mbao, kisu cha kumenyea machungwa,
na daftari la kurasa arobaini na nane
lenye majina ya miji, na pembeni yake pesa.
Voi, chai. Salgaa, tairi, amelipa.
Kyazanga: Nakiyingi, matoke mara tisa, na sweta.
Huo mstari haukukatwa.

Mji wenyewe unaumaliza kabla sigara haijaisha:
kituo cha mafuta, msikiti wa bati la kijani, duka la simenti,
nyumba ya wageni yenye vyumba vinne na majogoo kumi,
kisha migomba.
Migomba nyuma ya gereji, nyuma ya choo, nyuma ya migomba,
majani yamechanwachanwa na upepo
kama noti zilizohesabiwa mno.
Baiskeli zinashuka vilimani hazina watu,
au ndivyo unavyodhani, mpaka mkungu mmoja unakohoa
na mtu anachomoza katikati ya ukijani,
jasho tupu, anakuamkia.

Kwa Nakiyingi sikumuuliza mtu. Honi ilinitambulisha.
Alitoka na mwiko, akaisoma namba ya gari,
akarudi ndani bila kunitazama mimi.
Nilipoingia, sahani ilikwisha tengwa,
kiti kimeegemezwa ukutani.
"Hapo ndipo anapokaa. Anapenda kuziona tairi zake."
Kiswahili chake cha barabarani, kina matope, na kinafika.

Akafungua majani. Mvuke ukapanda na harufu ile,
si ya ndizi, ni ya jani lenyewe likitoa jasho;
njano laini, mchuzi wa karanga rangi ya waridi kuukuu.
Nilikula kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake.
Vilinienea. Hilo ndilo lililoniudhi.

"Yuko wapi?"

Jibu nilikuwa nimelipanga tangu Mbarara:
malaria, siku nne, kitandani kwake Wundanyi,
mvua ilinyesha tukasimama na majembe tukiingoja.
Nikasema, "Anapumzika."
Akaitikia kwa kichwa. "Afadhali. Ule mgongo."

Nikatoa pesa. Nikataja matoke, mara tisa.
Akazisukuma kwa mgongo wa mkono wenye utomvu.
"Deni si la gari, sebo. Atalilipa mwenyewe.
Wewe lipa sahani yako."
Kuhusu sweta hakusema, nami sikuthubutu.

Kisha akamwita Kaweesa, akampandisha na mkungu,
chane kumi na moja, mbichi, mzito kama mtoto aliyelala,
akaulaza kitandani nyuma ya kiti changu.
"Mwambie azimenye kwanza. Asizichemshe na maganda
kama mnavyofanya huko kwenu."

Masaka zilikuwa kijani.
Jinja, chane ya juu ilianza kugeuka.
Usiku nililala nimekunja miguu, sikutaka kuziponda,
nikawa nazisikia, au nadhani nazisikia,
zikilegea moja moja gizani.

Malaba, askari wa forodha akachungulia.
"Ndizi za nani?"
Foleni ndefu nyuma yangu, injini inatetemeka,
kebini imejaa utamu wa kitu
kinachoiva bila kuomba ruhusa.
"Za dereva," nikasema.

"Kwani dereva si wewe?"