Ajenda ya Tatu

Chama chetu kina wanachama kumi na tisa,
muhuri mmoja, na chumba juu ya duka la mikate
mjini Kutaisi, ambako Januari huingia bila hodi.
Mimi ni mweka hazina. Ada naziweka
kwenye kopo la biskuti, na kopo haliniamini.

Ajenda ya kwanza: umeme. Tunadaiwa.
Ya pili: vitambulisho, maana walinzi wa lango la manispaa
wanasema mwandishi ni mwenye gazeti la kushikika,
linaloweza kufungia jibini.
Sisi wa simu na tovuti, kwao,
ni wapita njia wenye vidole vyepesi.

Ya tatu: Lamara.
Habari yake ya bomba la maji machafu
ilikaa hewani siku nne. Usiku wa nne,
saa nane na dakika kumi na nne,
ikaondoka. Bila neno, bila kovu.
Na kanuni yetu ya sita inasema
kosa lirekebishwe pale pale lilipotendwa,
mbele ya macho yale yale yaliyolisoma.

Zurabi, aliyeiandika kanuni, akasimama na koti lake:
"Penye kufuta pana mkono. Mkono wa nani?"
Lamara hakujitetea. Alisema tu:
"Waliniuliza mwanangu anasoma shule gani.
Waliuliza kwa upole.
Jina la shule walikuwa nalo."

Chini, mwokaji alifungua tanuri.
Harufu ikapanda ngazi, ikaketi nasi;
haikuwa na kadi, wala hakuna aliyeihoji.

Kura, akasema mwenyekiti.
Wanaotaka aondolewe, wanyooshe mikono.
Mmoja. Minne. Tisa.
Nami nikautazama wangu juu ya meza,
mkono huu ambao mwaka juzi, usiku,
uligeuza saba kuwa tano
katika habari ya ukuta ulioangukia wafumaji.
Tsiala, na binti aliyekuwa siku yake ya tatu kazini:
kitufe kimoja, wakawa hawakufa.
Mimi sikupigiwa hata simu.
Niliogopa mapema, kwa hiari, kama mtu anayelipa ada
kabla ya kudaiwa.

Nilipoinuka, kiwiko kikagonga kopo.
Sarafu zikakimbilia chini ya viti.
"Katibu," nikasema, "andika ajenda ya nne."

Kimya. Lamara ndiye aliyeinama kwanza,
akiokota, akihesabu kwa sauti:
tano,
sita,
saba.