Chururu

Jumanne usiku, Swansea, ghorofa ya pili.
Bi Gwenllian Prosser anafuta ubao kwa kiganja,
anasema: Tujalie.
Tujalie kitu hiki hakina mapengo.
Ukikate, ukikate tena, hadi kisu kichoke,
bado utakuta kitu kilekile kimeshikana.
Kijana wa mbele anauliza, na atomu je?
Zipo, anasema. Leo hatuzihitaji.

Nami nyuma, sare ya kazini chini ya koti,
naandika pembeni mwa daftari:
chururu si ndo ndo ndo.
Siku zote nilidhani ni methali ya mtungi unaovuja.
Kumbe ni sura ya kwanza ya kitabu.

Alfajiri nashika basi hadi Port Talbot
kwa Mzee Idris Beynon, miaka themanini na mitatu,
thelathini na mmoja kati yake kiwandani, kwenye chuma.
Miguu imejaa maji. Nabonyeza kwa kidole gumba
juu kidogo ya kifundo, nahesabu.
Shimo linabaki,
kama alama ya kidole kwenye unga wa chapati
uliofunikwa kitambaa ukapumzika,
kisha linajaa, bila haraka na mtu.
Jana sekunde ishirini na mbili. Leo thelathini.
Muuguzi anataka namba.
Mimi nataka kujua nani aliiambia nyama iwe maji,
na maji yawe na subira ya nyama.

Swali baya, anasema Bi Gwenllian.
Usiulize ni yabisi au ni ugiligili.
Uliza umekingoja muda gani.
Ruka gatini uiangukie bahari kwa tumbo: ni sakafu.
Ikalie barafu ya mlimani miaka elfu: ni mto.
Anachora kisanduku, mishale kila upande,
mkazo wa kusukuma, mkazo wa kuvuta,
na ule wa kukwaruza ubavuni,
kisanduku kinalala upande kama abiria aliyesinzia.
Usiku ule sikulala mimi.

Chuma? anasema Mzee Idris, meno yake glasini.
Chuma ni kitu kivivu kumwagika, basi.
Bamba jekundu, nene kama godoro hili,
liliingia kati ya magurudumu likatoka refu kama mtaa.
Hatukulikata. Tulilibembeleza kwa tani elfu.
Na likishapoa?
Linakumbuka tulivyoliacha, si lilivyozaliwa.
Namwambia kwetu twasema samaki mkunje angali mbichi.
Anatafuna hilo kwa fizi.
Walipotupunguza kazini, anasema,
mimi nilikuwa nimeshakauka.

Mtihani wa kwanza nilifeli. Thelathini na nane.
Niliandika vizuri kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki,
nikasahau alama ya kutoa.
Kwa hesabu yangu vitu vyote duniani viliingia tu,
havikutoka,
na Bi Gwenllian aliandika kwa wino wa kijani:
Laiti.

Ijumaa napishana na machela mlangoni.
Bintiye, Carys, yuko jikoni
anaosha kikombe kilekile mara ya tatu.
Najua kazi yangu: dirisha, shuka, mfuko wa taka.
Natoa shuka.
Godoro la sponji bado lina mtu,
bega, kiuno, visigino viwili.
Nakaa kitini, natazama saa ya ukutani.
Linapanda. Hulioni likipanda,
unaona tu kwamba limepanda.
Bega kwanza, maana alikuwa mwepesi huko juu.
Kiuno kinachelewa.
Dakika saba, naandika kwenye fomu
ambayo hakuna atakayeisoma tena.

Carys anaingia na chai mbili, anauliza natazama nini.
Namwonyesha mahali pa kisigino cha kushoto.
Anaweka kiganja hapo, hakibonyezi.
Hakikurudi chote.