Kabati la Bi Kidawa

Saa nne asubuhi, Tandika, chumba cha nyuma.
Faili langu limefika asilimia tisini na saba
likakaa.
Limekaa kama mgeni aliyekwisha kuaga,
viatu mguuni, mkono kwenye komeo,
halafu akakumbuka habari ya shemeji yake.

Sisi vyumba sita, korido moja.
Tunachanga elfu kumi na mbili kila mwezi.
Modemu inalala kwa Bi Kidawa, chumba cha mbele,
juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe,
kwa kuwa nyumba ni yake
na dirisha lake ndilo linalotazamana na mnara.

Hodi, Bi. Naomba niizime.
Nazima. Nahesabu mpaka thelathini
(kwenye ishirini na mbili umeme nao unakatika:
Luku, zamu yangu kununua, nimesahau).
Tunawasha baadaye. Taa ya kwanza kijani, ya pili kijani,
ya tatu inapepesa nyekundu,
jicho la mtu aliyetoka kulia
na anakujibu hajambo.

Huduma kwa wateja: bonyeza moja, bonyeza nne, muziki.
Binti mwenye sauti ya asali ananiuliza
kama nimejaribu kuzima na kuwasha.
Dada yangu,
kitufe kimefutika maandishi.

Tulimshuku Nasri wa chumba cha tatu,
kwamba anapakua mipira ya Ulaya usiku kucha.
Akaapa, akatufungulia simu tuikague:
haina nafasi hata ya picha moja.
Tukashuku nje. Tukabadilisha nywila,
tukaiweka ndefu, herufi na namba za mafumbo.
Siku ya pili Sikujua, mtoto wa uani pale,
akaja na daftari la hesabu kifuani:
Shikamooni. Mbona mmenifungia?
Na kasi ilikuwa ileile. Tulimfungia bure.

Ndipo akaitwa fundi Kibwana.
Hakushika bisibisi. Alishika simu tu,
akatembea korido polepole, akisoma kwa sauti:
Mlangoni, arobaini.
Hapa kwenye ndoo, kumi na tisa.
Kwangu, mbili. Mbili za kuhurumiwa.
Akarudi nyuma, akageuka,
akasimama mbele ya kabati la Bi Kidawa,
mninga mtupu, vioo vitatu toka juu hadi chini,
limeuziba ukuta wote wa upande wetu.

Mawimbi hayapiti humu, Bi, akasema.
Yanafika kwenye kioo, yanajitazama, yanarudi.

Bi Kidawa akacheka mpaka akashika mbavu.
Hata mimi, mwanangu. Mwaka wa arobaini huu
najitazama humo, sijapita.

Lisogezwe?
Halisogei. Lilitangulia kuingia kabla ya paa,
marehemu alijenga kuta kulizunguka.
Mlango huo hautalitoa
labda mlivunje, na mkilivunja
mtafute nyumba.

Kwa hiyo ikahama modemu.
Msumari wa kalenda, katikati ya korido,
kibao kidogo, na kitambaa kikafuata;
fundi akasisitiza kikae chini yake, si juu,
chombo kinahitaji kupumua.
Mnara tumepoteza kidogo,
ila kila chumba sasa kinapata fungu lake
na Sikujua amerudishiwa nywila.
Faili likaenda: tisini na nane, tisini na tisa,
likaondoka hata bila kuniaga.

Wiki tatu, hakuna aliyekwama.
Wiki tatu, nikapita mlango wa mbele
nikamsikia Bi anaongea na redio,
anaijibu.
Zamani kwa siku tulikuwa tunabisha hodi mara nne, mara tano,
kitufe tu, Bi, samahani,
na kila mmoja alitoka na kipande cha muhogo.

Jana nikabisha.
Umekata tena? akauliza, na sauti ilipanda kidogo,
naapa ilipanda.
Hapana, Bi. Nimekuja kujitazama kwenye kioo.

Akasogea kitandani, akapiga godoro kwa kiganja.
Funga mlango basi. Mbu.