Mimi Si Risiti

Nilichoka kusomewa barua zangu na Kazungu wa saiba.
Kijana mwema, ila mdomo wake hauna kifuniko:
"Mwalimu, kumbe sukari imepanda tena?"
mbele ya foleni nzima, mbele ya muuza viazi karai.
Nikasema basi, printa na iingie nyumbani.

Nikatoka Bombolulu na elfu kumi na nane
ndani ya daftari la mahudhurio.
Duka la tatu, kule Mwembe Tayari,
feni yazunguka kama imelazimishwa,
na muuzaji, Nyamawi, akaniuliza
swali ambalo wale wawili wa kwanza hawakuniuliza:
"Mwezi mzima, utachapa nini?"

Nikahesabu kwa vidole.
Mitihani ya darasa la sita, kurasa mia mbili na kitu.
Fomu za basari. Kumbukumbu za chama
na orodha ya wasiolipa, ambayo huwa ndefu.
Majibu kwa mwenye nyumba.
"Na picha?"
Moja, nikasema. Labda mbili.

Akanionyesha ya leza,
nzito kama jiwe la kusagia.
Wino wake ni unga, haukauki hata ukisafiri miezi mitatu,
na herufi zake, kweli, kali kama wembe;
chai ikimwagika hazitokwi machozi.
Moyo ukaniambia: hii hii, lipa twende.

Lakini kwenye simu nilikuwa na mamangu.
Mbeyu wa Kaloleni, juu ya kigoda,
leso ya manjano, jua la saa kumi begani,
anamcheka mtu ambaye hayumo pichani.
"Mchape huyu," nikasema,
na neno lenyewe likanitia aibu.

Leza ikamtoa.
Ikamtoa kama kuni iliyosahauliwa motoni.
Leso ilikuwa jivu. Kicheko kilikuwa shimo.
Nikaipiga picha ile karatasi, nikamtumia mwenyewe,
naye akajibu kwa sauti, duka zima likasikia:
"Mwanangu, mimi si risiti."

Nyamawi akacheka hadi akashika kaunta.
Kisha akafunua ya pili, ya matangi,
chupa nne ubavuni kama dawa za mtoto:
njano, waridi iliyokolea, samawati, nyeusi.
Akanieleza nisichokiwaza
miaka arobaini na miwili ya kumtazama mama:
kwamba weusi ule hautoki kwenye chupa nyeusi.
Huanza njano. Hufuata wekundu,
tone la samawati,
na nyeusi mwisho, kidogo tu, kwenye pembe za macho.

Akateremka polepole, mstari kwa mstari,
kwa sauti ya mtu anayefagia uani:
paji, nyusi, pengo la jino, bega lenye jua.
Nikauliza bei.
Huwa nauliza bei ninapotaka kulia.

Nayo ina kiburi chake, sikufichwa.
Usipoitumia wiki mbili matundu huziba.
Herufi zake, ukizisogelea, zina manyoya kidogo.
Unyevu wa Mombasa hulegeza karatasi
zikaingia mbilimbili kama wachumba;
zile za picha, ghali, uzifungie mkebeni na mchele.
Na bei ilinishinda kwa elfu tatu.
Zikaingia kwa simu kutoka Kaloleni,
na ujumbe wa maneno mawili: Za leso.

Sasa kila Ijumaa, mitihani ikiisha,
namchapa mama, mdogo, saizi ya stempu.
Yuko kwenye daftari la alama, kwenye mlango wa friji,
kwenye mkebe wa mchele.
Alipokuja kututembelea akazunguka nyumba, mikono kiunoni:
"Kwani nagombea udiwani?"

Nikamwambia ni mashine tu, mama.
Ukiiacha muda mrefu bila rangi,
inaziba.